Tafiti nilizopewa na akili mnemba sizioni

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi wa zahanati, Newala. Tuna bibi aliyeugua chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Homa iliisha, lakini vidole na vifundo vya miguu vinamuuma hadi leo, miezi imepita. Niliiuliza akili mnemba ya kwenye simu kama hali hii imefanyiwa utafiti. Ikanipa makala tano, zenye waandishi, majarida, miaka na kurasa. Mbili nimezitafuta mpaka bando limekata, sizioni. Nakosea wapi?
Muuguzi, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Huenda hukosei popote, makala zenyewe hazipo. Programu hizi zinaweza kutunga kichwa cha makala kisha zikakibandika kwa mtafiti wa kweli na jarida la kweli. Andika kichwa chote kwenye PubMed, tovuti ya kutafutia makala za kitabibu, ambayo ni bure. Kisipotoka, usihukumu bado, maana si majarida yote yamo humo. Ingia tovuti ya jarida lenyewe, fungua toleo la mwaka uliotajwa. Ukikuta kurasa zile zina makala nyingine, umepewa ya kutungwa, iache.

Chikungunya ilielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza huko huko kwenu, uwanda wa Makonde, baada ya mlipuko wa 1952–53. Watafiti Robinson na Lumsden waliandika makala zao kuihusu mwaka 1955. Mwaka 1956 mtafiti Ross akaeleza katika Journal of Hygiene jinsi alivyovipata virusi vyenyewe. Inaniuma kuona wauguzi wa Newala hawajazisoma! Lakini ukitafuta kwa neno "Mtwara" zinaweza kukupita, kwa sababu vichwa vya makala za Robinson na Lumsden vinasema "Southern Province, Tanganyika Territory". Hapo ndipo akili mnemba inapokufaa kweli: iombe majina ya zamani ya mahali, na maneno yote ambayo madaktari huyatumia kwa maumivu ya viungo yasiyokwisha. Kutafuta na kusoma, fanya mwenyewe.

Ukisoma, angalia wagonjwa walikuwa nani na walifuatiliwa muda gani. Tafiti nyingi za maumivu haya zilitoka kisiwa cha Réunion baada ya mlipuko wa 2005–06. Pima kama wanafanana na bibi yako.

Naye asisubiri tafiti. Kama viungo vinavimba, au asubuhi vinakakamaa, apelekwe hospitali ya wilaya aangaliwe upya. Baridi yabisi inafanana sana na maumivu hayo, na ina dawa zake.