Muulize Fundi: Grili za kibarazani na chumvi ya bahari

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tuna mgahawa mdogo huku Kigamboni, kibaraza kinaangalia bahari kabisa, meza nane. Mwaka juzi tuliweka grili za chuma cheusi, tukapiga redioksaidi na rangi vizuri tu, sa hivi chini kote kutu na kuna nguzo moja ukiishika inacheza. Fundi mmoja anasema weka stenlesi usahau, mwingine anasema gavanaizi inatosha, bei zao mbingu na ardhi. Tushike lipi? – Mama Pweza

JIBU: Marahaba mama. Kabla ya yote, hiyo nguzo inayocheza toa meza ya karibu nayo leo leo, watu wanapenda kuegemea wakishashiba.

Umesema kutu iko chini, na hapo ndo pa kuangalia, maana juu chumvi inaoshwa na mvua lakini chini maji ya kudeki yanakaa. Chutama uangalie pale nguzo inapoingia kwenye tailizi, utakuta kaufa kembamba kama unywele, maji ya sabuni na chumvi yanashuka humo kila siku na hayatoki. Hata ungeweka chuma kinene namna gani kingeliwa tu. Kwa iyo safari hii nguzo isizikwe, isimame juu ya pleti iliyofungwa kwa bolti za stenlesi, na ule mfito wa chini uinuliwe kama sentimita 8, dekio lipite.

Gavanaizi, yaani chuma kilichovikwa zinki, ni nzuri ila fundi akishachomelea, pale kwenye joint zinki imeungua yote, unabaki na chuma kitupu kilichopakwa rangi ya silva, na kwa hapo ulipo haichukui muda kutu inachungulia. Kama kuna kiwanda kinachokubali, chomelea grili nzima kwanza alafu ndo ikazamishwe kwenye zinki ya moto, na paipu zitobolewe matundu kabla, zikiwa zimezibwa zinaweza kulipuka humo ndani. (Na fundi wako akisema atakunywa maziwa kuzuia ule moshi mweupe wa kuchomelea gavanaizi, mwambie afanyie kazi nje penye upepo, maziwa hayafiki kwenye mapafu.)

Stenlesi sasa. Ziko namba, na muuzaji asiyetaja namba mi naondoka. 201 ni ya bei poa, ndani ya nyumba sawa, ufukweni inatoa madoa ya kahawia mapema. 304 ni ya katikati. Kwa hapo kwenu ni 316, imeongezwa molibdenamu, aina ya metali ambayo ndo inabishana na chumvi. Usidanganywe na kipimo cha sumaku, eti isiposhika ni stenlesi nzuri, 201 nayo mara nyingi haishiki, kwa iyo omba namba iandikwe kwenye risiti. Alafu fundi asitumie diski ya grenda aliyokatia chuma cha kawaida, vumbi lake linabaki juu ya stenlesi linaota kutu ukadhani umeuziwa feki.

Pesa ikibana, mi ningeweka 316 ule upande wa baharini peke yake, huko nyuma gavanaizi iliyozamishwa. Na kuosha ni maji ya kawaida yasiyo na chumvi kila wiki, jiki hapana, na ile asidi ya kusafishia tailizi isiisogelee kabisa.

Urefu: mtu akikaa macho yake yako kama sentimita 120 toka chini, ukiweka reli ya juu hapo umemziba bahari aliyoifuata. Mita 1 inatosha. Fito zisimame wima, nafasi chini ya sentimita 10, ukizilaza watoto wanapanda kama ngazi.

SWALI: Fundi mambo, nna baa Dodoma, viti viko nje barabarani. Na mi ninunue stenlesi? – Kijana wa Area D

JIBU: Poa mdogo wangu. Hapana bwana, huko kukavu na bahari iko mbali, chuma cheusi skwea paipu ya unene wa milimita 2 kinakutosha, usikubali ya 1.2 watu wanakaa juu yake wakilewa. Ila kabla ya rangi kagua joint moja moja, gonga na funguo, ukisikia sauti imezibwa zibwa ujue fundi kajaza bodifila, ile puti ya magari, pale alipotakiwa kuchomelea.