Ukuta Usioonekana Usimshtue Mchezaji

Ramani ya kwanza ya gemu niliyoitengeneza ilikuwa bonde lenye mto, na upande wake wa mashariki niliweka kilima chenye mteremko wa taratibu ambacho kila aliyekiona alitamani kukipanda. Nyuma yake sikuwa nimejenga chochote, kwa hiyo nikasimamisha ukuta usioonekana katikati ya mteremko, nikaendelea na kazi nyingine. Rafiki niliyemwomba aijaribu gemu hiyo alifika pale, mhusika wake akawa anapiga hatua bila kusogea, naye akaruka, akahamia kushoto, akaruka tena, kwa dakika kadhaa, akiamini kwamba ipo njia ambayo hajaigundua. Kosa lilikuwa langu, kwani kilima kilimwita kisha kikamkatalia bila kumpa sababu.

Nilikichonga kilima kile kikawa genge lililo wima. Ukuta uko palepale, na hakuna aliyeuulizia tena. Ndiyo maana nashauri uanze na mpaka unaoonekana, uwe jabali, uzio au mto wenye mkondo mkali, na ukuta uje baadaye kuthibitisha kile ambacho jicho limekwisha kuambiwa.

Pale ambapo hakuna kizuizi cha asili kinachofaa, mpaka wenyewe unaweza kuwa sehemu ya mchezo. Katika gemu ya chini ya bahari iitwayo Subnautica, iliyokamilika mwaka 2018, anayeogelea kupita ukingo wa ramani hukuta kilindi cha giza na viumbe wakubwa wanaomshambulia, na mwenyewe hutamani kurudi. Gemu ya Minecraft, tangu toleo la 1.8 la mwaka 2014, huuonyesha mpaka wa dunia yake waziwazi kwa mistari inayosogea, jambo ambalo naliona kuwa la heshima kwa mchezaji.

Kuna pia kuta zisizoonekana ambazo hazizuii safari, bali huilainisha, na hizi nazipenda zaidi. Wajenzi wa ramani za Source, injini (yaani programu ya msingi ya kuendeshea gemu) ya kampuni ya Valve, hutumia nyenzo iitwayo playerclip, ambayo humzuia mchezaji lakini huziacha risasi zipite. Ukiilaza kama ubao wa mshazari juu ya ngazi, mhusika hupanda bila picha kurukaruka kwenye kila kidato. Ukiipitisha mbele ya ukuta wenye nguzo na pembe nyingi, anayekimbia huku akirudi nyuma hanasi popote. Lakini hakikisha umechagua aina sahihi ya kizuizi, kwa sababu risasi inayogonga hewa tupu huudhi kuliko mlango uliofungwa.

Kabla ya kumpa mtu yeyote ramani yako, washa mwonekano wa maumbo ya vizuizi katika injini unayoitumia, kisha tembea ukiwa umeuegemea mpaka kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukiruka kila baada ya hatua chache. Paa na miamba iliyo karibu na ukingo ikague mara mbili, kwa sababu anayerukia kutoka juu huweza kuuvuka ukuta uliodhani ni mrefu wa kutosha.