Barua kwa mwanangu: baiskeli ya Baraka

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama mwanao Baraka anaweza kujipatia riziki kwa kuruka na BMX, ile baiskeli ndogo ya mitindo, mpaka utu uzima, au atafika miaka thelathini hana mbele wala nyuma.

Wapo walioweza. Jamie Bestwick, Mwingereza wa Nottingham, alichukua dhahabu ya tisa mfululizo kwenye X Games, mashindano makubwa ya michezo ya aina hii, mwaka 2014, akiwa na miaka 42. Mat Hoffman wa Oklahoma, fedha za mchezo zilipokauka, alianzisha kampuni yake ya baiskeli na kuandaa mashindano mwenyewe. Ila kinachowalisha zaidi ni wadhamini, na mdhamini humjua mtu anayeonekana tu. Kwa hiyo chuo asome, hapo sina mjadala. (Babu yake angesema hiyo si kazi kabisa, lakini hata mpira wa miguu alisema si kazi.)

Mimi kinachoninyima usingizi ni kichwa. Hapa Greenville, North Carolina, Marekani, ndipo alipoishi Dave Mirra, mwenye medali 24 za X Games, 14 kati yake dhahabu. Mwaka 2000 alipiga samasoti mbili za kinyumenyume kwa mruko mmoja, jambo ambalo kabla yake hakuna aliyekuwa amelifanya mashindanoni. Februari 2016 alijiua, ana miaka 41. Ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na CTE, maradhi ya ubongo yanayohusishwa na kichwa kugongwa mara kwa mara kwa miaka mingi. Ujanani aliwahi kugongwa na gari, na baadaye akacheza ndondi, kwa hiyo siitwishi baiskeli peke yake mzigo wote.

Unesi umenifundisha kwamba mfupa hausemi uongo: unapigwa picha, unafungwa plasta, mnasubiri. Kichwa hudanganya. Kijana anaanguka, anainuka anacheka, anasema yuko sawa. Usiku anatapika, asubuhi mwanga unamuumiza macho, naye anakaa kimya asije akazuiwa kuruka wikiendi.

Basi mtafutie uwanja wenye shimo la sponji. Mtindo mpya anaujaribu kwanza humo, akianguka anazama kwenye vipande laini, mpaka mwili uzoee kujigeuza. Mbao za rampu, yaani mteremko wa kurukia, zinakuja baadaye. Na kabla hujalipa ada, muulize kocha: mtoto akigonga kichwa, nani anaamua kwamba leo basi? Akijibu kwamba mtoto mwenyewe atajisikia, mchukue Baraka mwondoke.

Helmeti iliyopigika kwa nguvu inatupwa, hata kama huoni ufa. Najua ni ghali. Ikipigika nipigie simu, nitanunua nyingine, na Baraka asione haya kusema ukweli eti kwa kuogopa gharama. Mumeo msalimie, nasikia yeye ndiye anayemshangilia mtoto kuliko wote.

Mama