Jibu: Vitabu vya mdogo wa miaka 11 na dada yake wa kidato cha tatu

Mkuu, umeuliza wanao wasome nini ambacho hata wewe hutakichoka. Mdogo mpe Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Wale ndugu waliogeuzwa manyani na kuchapwa kila usiku walinitisha utotoni. Sasa namhurumia zaidi Adili, anayeshika mjeledi bila kupenda. Kusadikika, riwaya yake nyingine, iache kwanza. Shuleni ile kesi ya Karama, mshtakiwa wa humo, iliniboa kweli, maneno matupu, ukubwani ndiyo nikaona ukali wake.

Dada mtu, Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Ndiyo, iliwahi kupigwa marufuku shuleni, lakini aliyenikera mimi ni Zakaria, baba mlevi anayejifanya mlinzi wa binti. Isome wewe kwanza, halafu mzungumze.