Kabla hujanunua kompyuta, mtazame roboti wa Tashkent

Juzi nimeandikiwa: "Dada, shikamoo. Nataka kutengeneza katuni ya maroboti kama yako iliyoonyeshwa wiki iliyopita. Ninunue kompyuta gani?" Nimekaa na swali hilo siku mbili, maana ndilo lililonipotezea miaka mitatu.

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika 22. Jiji zima, vita vya maroboti, wahusika 11. Nilikopa hela nikanunua mashine, ikawa inakesha ikifanya kazi, feni inavuma hadi mama anagonga mlango. Siku ya kuionyesha, mzee mmoja wa jopo akasema, "Binti, makelele mengi, lakini humu ndani hamna mtu." Ukumbi ukacheka. Bado inaniuma, sifichi.

Iliyonifungua macho ni katuni fupi ya mwaka 1984, iliyotengenezwa na studio ya Uzbekfilm ya mjini Tashkent, Uzbekistan, enzi za Umoja wa Kisovyeti. Mwongozaji ni Nazim Tulyakhodzhaev. Kwa Kirusi inaitwa Budet laskovyy dozhd, yaani itanyesha mvua ya upole. Ni dakika kama 10 tu.

Ni mkesha wa kuingia mwaka 2027. Roboti wa nyumbani anaandaa chakula, anaamsha familia. Vitanda vinainuka, na badala ya watu linamwagika jivu. Vita vya nyuklia vimeshapita. Wenye nyumba hawapo, yeye hajui, anaendelea kuwahudumia. Kisha anaingia ndege. Roboti anamwona adui, na katika kumwinda anaibomoa nyumba aliyowekwa ailinde.

Nilipofika kwenye lile jivu nilisimamisha filamu, nikalia. Hakuna mzinga uliolia, hakuna jeshi, na vita vyote nimeviona kitandani! Baadaye nikasoma hadithi iliyozaa filamu hiyo, ya Mmarekani Ray Bradbury, ya mwaka 1950. Mle nyumba yenyewe ndiyo inayosema, na inateketea kwa moto. Tulyakhodzhaev akaipa nyumba mwili, akampa huyo roboti ndege wa kupigana naye. Huko ndiko kuongoza filamu.

Basi nikalifuta jiji langu. Nikabakiza jiko moja na mashine inayompashia bibi chai kila alfajiri, na bibi hayupo. Dakika sita. Ilipoonyeshwa, ukumbi ulinyamaza kimya. Mzee yule hakuwepo. Nilimtafuta kwa macho hadi taa zilipowashwa.

Kwa hiyo punguza. Punguza wahusika, punguza mahali, punguza maneno. Tumezidi kupenda ukubwa, ndugu zangu! Tunataka sayari kabla hatujaweza chumba. Tunakopa, tunajisifu, tunaonyesha milipuko, halafu tunalaumu watazamaji kwamba hawajui sanaa. Nami nililaumu, mwaka mzima. Mtu anayekaa mbele ya filamu yako amewahi kuzika, anajua kikombe kisichonywewa kinasema nini. Mpe kikombe hicho. Punguza mengine.

Kuhusu kompyuta: dakika zangu sita nimezitengeneza kwa mashine ileile ya mkopo, ikiwa imeshachakaa. Usinunue chochote mwezi huu, mdogo wangu. Chora chumba kimoja kwenye karatasi, kisha niandikie ni nani hayupo mle ndani.