Kabla ya Kumtafuta Chozi wa Mlima Kenya

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza nilitumia kamera gani kumpiga picha chozi wa Mlima Kenya, ndege mdogo anyonyaye nekta ya maua, nami nikacheka peke yangu, kwa kuwa kamera ni ile ile iliyoniletea aibu safari ya kwanza.

Safari hiyo nilipanda kwa njia ya Naro Moru pamoja na kundi la watu wenye haraka. Tulipotoka msituni nilimwona chozi wa kijani anayemetameta, mwenye manyoya mawili marefu mkiani, nikampiga picha na kuwatangazia watu kwamba nimempata Nectarinia johnstoni, ndiye chozi wa Mlima Kenya mwenyewe, ndege aliyepewa jina la Harry Johnston, aliyefanya uchunguzi Kilimanjaro mwaka 1884. Bwana mmoja akanijibu mbele ya wote kwamba nitazame vizuri kando ya kifua: vishungi, yaani vile vifungu vidogo vya manyoya, vilikuwa vya manjano, kwa hiyo huyo ni Nectarinia famosa, chozi wa aina nyingine, ambaye huonekana hata chini zaidi, ilhali vya johnstoni ni vyekundu. Alisema kweli. Kejeli yake ndiyo iliyoniuma, na bado inaniuma.

Basi wewe unayemtamani ndege huyu, acha haraka. Mara ya pili nilipita njia ya Sirimon, nikalala kambi ya Old Moses, mita 3,300, kisha nikapanda hadi kambi ya Shipton, karibu mita 4,200. Mwendo wenyewe sitausimulia. Ni kuhema na kuumwa kichwa tu.

Asubuhi maji yaliyotuama katikati ya majani ya lobelia, mimea mikubwa ya mlimani, yalikuwa yameganda utando mwembamba wa barafu. Usimfukuze ndege mlimani, kwa sababu dume hulinda lobelia zake zenye maua na atazirudia. Wewe tafuta Lobelia telekii iliyochanua, ule mnara wenye manyoya ya kijivu unaoficha maua yake ndani, kisha ukae chini. Nilikaa karibu saa mbili, vidole vikifa ganzi. Alipokuja hakuelea hewani kama ndege-mvumaji wa Amerika, ambaye wengi humfananisha naye, bali alitua, akashika mnara kwa kucha na kuzamisha kichwa katika manyoya yale. Dume mwingine alipokaribia, yule wangu alijitutumua, na vile vishungi vyekundu vikachomoza ubavuni kama makaa yaliyopulizwa.

Ukikuta dume wa rangi ya kahawia mwenye mkia mrefu, usimpuuze, kwani nje ya msimu wa kuzaliana kijani chake hupungua sana. Tena narudia, kaa chini. Siku hizi tunataka sifa ya kumwona ndege kabla hatujajifunza kumtambua, nami nilikuwa wa kwanza katika ujinga huo.

Picha ya vishungi nilimtumia yule bwana bila neno lolote. Ameifungua, lakini hajajibu.