Ukiacha Pombe Baada ya Miaka Mingi, Anzia Hospitali

Ushauri huu unamhusu mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, yule ambaye asubuhi hawezi kushika kikombe cha kahawa bila kumwaga mpaka azimue kwanza, iwe kwa mnazi wa mangweni, kwa bia au kwa chang'aa. Mtu anayekunywa harusini na matangani tu anaweza kuacha leo na kesho akaamka akaenda kazini bila kudhurika. Yule wa kwanza hawezi, na hapa Malindi nimeona jinsi watu wanavyowachanganya hawa wawili, wakamwambia mgonjwa ajikaze kiume wakati mwili wake unakaribia kuzima. Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza. Niliacha nikiwa kitandani hospitalini, kwa sababu mke wangu alikataa katakata nijifungie chumbani nyumbani, na naamini msimamo wake ndio ulioniokoa.

Mji wetu umeujua unga, yaani heroini, kwa muda mrefu, na karibu kila mtaa, kuanzia Shella hadi Maweni, una familia iliyomwona kijana wao akigaagaa kwa arosto, yale mateso ya mwili uliokosa kilevi ulichokizoea. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba arosto ya heroini ndiyo ya kuogopwa, na kwamba ya pombe, kitu kinachouzwa hadharani, ni nyepesi. Ukweli ni kinyume chake. Aliyekosa unga hutapika, huharisha na kuumwa mifupa, na mateso yake ni makubwa, lakini mtu mzima asiye na maradhi mengine, akipewa maji ya kutosha, kwa kawaida hafi kwa hayo. Aliyekatiwa pombe ghafla anaweza kufa, hata kama ni mtu mwenye nguvu zake na aliyekuwa akifanya kazi hadi juzi.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Pombe huupoza ubongo, na ubongo unaopozwa kila siku hujifunza kujichochea kwa nguvu zaidi ili uendelee kufanya kazi yake. Ni kama mabaharia wanaokaa upande wa joshini kuizuia mashua isipinduke: upepo ukikatika mara moja, uzito wao wenyewe huilaza majini. Pombe ikiondoka ghafla, uchochezi ule hubaki bila kitu cha kuuzuia, ndipo mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, jasho hutoka na usingizi hukimbia.

Dalili hizi za kwanza huanza ndani ya muda wa saa 6 hadi 12 tangu kinywaji cha mwisho. Degedege, ambayo majirani huiita kifafa, ikija huja mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo. Hatari kubwa zaidi huja baadaye, kati ya saa 48 na 96: mtu huanza kuweweseka, hajui yuko wapi, huzungumza na watu wasiokuwapo, hupata homa na shinikizo la damu likapanda. Naomba familia izingatie mpangilio huo wa siku, kwa kuwa wengi hufurahi mgonjwa anapouvuka usiku wa kwanza, wakamwacha peke yake siku ya pili hadi ya nne, ambazo ndizo zinazohitaji macho zaidi.

Mimi nilipokelewa katika kitengo cha dharura. Muuguzi, binti mdogo kwa umri wa kuwa mwanangu, aliniambia kwa upole, "Baba, nyosha mikono mbele, panua vidole." Akavigusa kwa ncha za vidole vyake na kuandika. Kisha akaniuliza iwapo nahisi wadudu wakinitambaa ngozini, iwapo mwanga unaniumiza macho, iwapo nasikia sauti. Sikujua wakati ule kwamba kila jibu lilikuwa linahesabiwa ili kuamua kiasi cha dawa. Dawa yenyewe mara nyingi huwa dayazepamu au ya jamii yake, ambayo huufanyia ubongo kazi iliyokuwa ikifanywa na pombe, kisha hupunguzwa siku baada ya siku hadi ikaisha. Pamoja nayo hutolewa vitamini B1, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo, na kuikosa kunaweza kuharibu kumbukumbu na macho na kumfanya mtu ayumbe maisha yake yote. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii hupewa vitamini hiyo kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo.

Ukifika hospitali, sema kiasi chako cha kweli. Aibu humfanya mtu mzima aseme "chupa mbili" ilhali anamaliza mtungi, na daktari hutoa dawa ya chupa mbili. Mnazi nao uhesabu, usiuache nje kwa kuwa ni kinywaji cha nyumbani: tembo lililoteremshwa asubuhi huwa limechachuka baada ya saa chache, na ulevi wake hukaribia ule wa bia. Taja saa uliyokunywa mara ya mwisho, dawa nyingine unazomeza, na kama umewahi kuanguka degedege.

Liko jambo ambalo huenda likawashangaza wasomaji, nami nalisema kwa uzito wote. Kama uko mbali na hospitali, tuseme ndani huko Marafa, au Pate ambako lazima usubiri boti ya kukufikisha Hospitali ya King Fahd, Lamu, na mikono yako hutetemeka kila asubuhi, usiache ghafla ukiwa huko. Panga safari kwanza. Mpaka siku hiyo endelea kunywa kwa kiasi kile kile au kwa kukipunguza kidogo kidogo, halafu acha ukiwa mikononi mwa wataalamu. Asiyejua wa kuanzia naye anaweza kupiga simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, nambari 1192, akaelekezwa.

Kwa Waislamu wenzangu, hatari hii ina msimu wake. Wapo wanaokunywa hadi siku ya vunja jungu, kisha wakaacha kwa mpigo na kuamkia saumu. Nia yao ni njema na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyomo mioyoni, lakini mwili uliozoea pombe kila siku sasa unakosa pombe, maji na chakula kwa pamoja, mchana kutwa, katika joto letu hili. Jirani yetu mmoja alianguka siku ya tatu ya mfungo. Povu lilimtoka, akaanza kupiga kelele kwamba ukuta unatembea, na watu wakakaa kumsomea kwa muda mrefu wakiamini kapandwa na jini, mpaka dada yake alipoita tuktuk. Dua ina mahali pake, na inaweza kusomwa hata ndani ya tuktuk njiani kuelekea hospitali. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye. Kurani yenyewe imesema hivyo katika Suratul Baqara. Anayetaka kuikabili Ramadhani akiwa safi na aanze mwezi wa Rajabu, kama wengi wanavyopenda kuacha siku arobaini kabla, ili siku za hatari zimpite mapema akiwa na nafasi ya kunywa maji na kumeza dawa.

Ukisharuhusiwa kurudi nyumbani, chakula kinakuwa tiba. Tumbo la mlevi limezoea kushiba pombe, hivyo sahani ya wali itakuchukiza mwanzoni. Anza na uji, mchuzi mwepesi wa samaki, machungwa na madafu, ukila kidogo mara nyingi. Mbaazi na maharagwe yana vitamini ile niliyoitaja, na yamo katika kila soko. Usingizi utachelewa, pengine kwa wiki kadhaa, na utaota ndoto mbaya. Usinunue vidonge vya usingizi dukani ili kuuvuta, kwa kuwa vikikutana na pombe siku utakayoteleza vinaweza kukuzimisha pumzi. Muguka nao, yale majani ya jamii ya miraa, uuepuke. Vijana wengi huutafuna ili kuisahau chupa, lakini huongeza mapigo ya moyo na kukukesha, na mtu aliyekesha usiku kucha huamka akitafuta cha kumtuliza.

Baada ya mwili kutulia ndipo huanza kazi nyingine, na kwangu kazi hiyo ilikuwa jioni. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, na mwili wangu ulikuwa umeishika saa hiyo kuliko unavyoshika adhana. Mimi ni seremala. Wiki ya pili niliweza tena kuongoza patasi bila mkono kuruka, mchana ukawa unapita vizuri, lakini jua likianza kushuka juu ya minazi ya Ganda kifua kilikuwa kinabana. Kilichonisaidia zaidi ni kula chakula kamili saa kumi, kabla ya hamu kuja, kwa sababu nusu ya ile niliyoidhani ni kiu ya pombe ilikuwa njaa. Kisha nilitoka karakanani na mwanangu wa kiume, tukapita njia ya pwani badala ya kukatiza mtaani kwenye mangwe, ingawa ni mzunguko mrefu. Wateja niliwaomba walipe kwa M-Pesa kwenye simu ya mama watoto. Sikuona haya, kwani fedha taslimu mfukoni saa kumi na moja jioni ndiyo iliyokuwa ikinipeleka. Hamu huja kwa kishindo, lakini ukiwa unatembea na unazungumza na mtu, mara nyingi hupungua ndani ya nusu saa.

Magumu zaidi ni yale ya heshima. Kwa ndugu zetu Wagiriama mnazi una nafasi katika mahari na katika matanga, na kuukataa mbele ya wazee huonekana ni kuikataa jamaa. Usisubiri ufike pale ndipo uanze kujieleza. Mwendee mzee mmoja mapema, faraghani, umwambie, "Mzee, daktari amenikataza, naomba unisaidie siku hiyo." Nimeona wazee wakimkinga mtu kwa namna ambayo yeye mwenyewe asingeweza, wakampa kazi ya kugawa chakula ili asikae kwenye duara la kinywaji. Miezi ya mwanzo, hata hivyo, ni bora kutuma mchango na kukaa nyumbani, hasa panapokeshwa usiku.

Wake na akina mama wananiuliza kuhusu dawa ya kumtapisha mlevi. Ipo, inaitwa disulfiramu, na hufanya kazi kwa anayeitaka na anayejua kwamba ameimeza. Kumtilia mtu kwenye chai bila yeye kujua ni hatari kubwa, kwa kuwa akinywa pombe juu yake moyo unaweza kumshinda. Zipo dawa nyingine za kupunguza hamu, kama naltreksoni, na daktari ndiye wa kuulizwa kuhusu hizo.

Wengi hurudi kunywa kabla ya kuacha kabisa, na familia huchoka ikasema safari hii asipelekwe hospitali, ajitibu mwenyewe. Hapo ndipo pa kuogopa zaidi. Ubongo uliokatiwa pombe mara kadhaa huja juu zaidi kila mara, hivyo aliyetetemeka tu safari ya kwanza anaweza kuanguka degedege safari ya tatu. Kama umeteleza na ukanywa tena kila siku kwa wiki kadhaa, rudi kwa daktari kama mgonjwa mpya, mweleze umewahi kuacha mara ngapi na kila mara ilikuwaje, na ukubali kulazwa hata kama mara iliyopita ulivuka bila shida.